Mtoto Kwenye Mizani ya Sangara

Kambi Namba Saba, Mwaloni,
Kwa mkono wa Posta ya Magu,
Mwanza.

Jumapili, 12 Novemba 1995

Mpendwa Shangazi Rebeka,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kreti tupu la samaki, kwa sababu Jumapili boti ya kiwanda haiji na banda lote ni langu. Sisi huku ni wazima. Jairo mzima, ingawa mgongo unamsumbua tangu aanze kubeba barafu, na mwanetu Ayoo mzima kabisa, leo asubuhi nimemkuta anatafuna sabuni. Hali yako wewe? Lile goti limepoa, au bado linakutesa ukipanda ngazi za kanisa? Na Mwalimu je, ameshastaafu au huko Mpanda bado wanamng'ang'ania shuleni?

Mvua zimeanza. Nyumbani Kisesa wameshaandaa mashamba ya pamba, na Baba anasema safari hii atamuuzia yeyote atakayefika kwanza na gari, awe wa ushirika, awe wa binafsi. Uchaguzi umepita salama na watu wamerudi kwenye shughuli zao. Mama anakusalimu sana na anauliza kama ile mbegu ya karanga ilikubali udongo wa huko.

Barua yako ya tarehe 2 Novemba nimeipata. Ngosha aliposhuka kwenye treni alikuja moja kwa moja hadi huku mwaloni kuniletea, akanipa huku anaangalia ziwa, ndipo nikajua kwamba kaka yangu ameshasema yote huko kwako. Niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nikanyamaza, mara ya tatu nikakasirika. Hasira hiyo ndiyo inayoandika leo, nami nimeiambia iwe na adabu.

Unanitaka niombe radhi mara mbili. Kwanza kwa mama mkwe wangu, Mama Ajwang, kwa kumwaibisha mbele ya ziwa zima. Pili kwa Bwana Chenge, msimamizi wa kambi zote kule kiwandani, kwa maandishi, kabla ya Jumatano tarehe 15, nisije nikafukuzwa kazi wakati watu wenye vyeti wanapunguzwa makazini kila kukicha. Unasema sikulelewa hivyo. Shangazi, Ngosha alikusimulia habari ya vijiweni, na unamjua, habari ikipita kwake lazima aitie chumvi. Nipe nafasi nikueleze mimi niliyekuwepo.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, karani wa mizani. Wavuvi wanaleta sangara, mimi napima, boti ya kampuni inawachukua kwenda kiwanda cha minofu kule mjini. Kila siku saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni kambi zote kumi na moja tunaripoti kiwandani kwa simu ya upepo: kilo za samaki, barafu iliyobaki, mafuta. Tunakwenda kwa zamu, wa kwanza hadi wa kumi na moja. Tena simu ya upepo haina faragha. Anayesema ni mmoja, wanaosikia ni wote. Ukipiga chafya Kambi ya Saba, Kambi ya Pili wanakupa pole.

Ayoo alianza kuharisha Jumamosi ya tarehe 23 Septemba. Kufika Jumatatu alikuwa amelegea, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Alikuwa na miezi minane. Jairo alikuwa Ukara amefuata nyavu. Mama Ajwang alikuwa amekuja kututembelea kutoka kwao Mara, na nisimsingizie, yule mama anampenda mtoto wangu kuliko macho yake. Hakulala tangu Jumamosi. Jumatatu jioni akamfungua Ayoo mdomo, akapitisha kidole kwenye fizi, akagusa vivimbe viwili vyeupe. Akasema ni meno ya plastiki, na yasipong'olewa mtoto hafiki Alhamisi.

Unajua mwenyewe jinsi maneno hayo yakishatamkwa nyumba inavyobadilika. Majirani waliingia kana kwamba wameitwa. Kila mmoja alikuwa na mtoto wa ndugu yake aliyeng'olewa akapona. Waliokufa hawakutajwa na mtu. Mama Ajwang akaagiza aitwe mzee mmoja wa kijiji cha juu anayefanya kazi hiyo kwa spoku ya baiskeli, ambayo huinoa kwenye jiwe mbele ya watu ili waone ilivyo kali. Atafika asubuhi.

Nilisema sitaki. Mama Ajwang akaniambia mtoto ni wa ukoo wa Odoyo, mimi ni mlezi tu. Sikumjibu. Ulinifundisha wewe kwamba mama mkwe hajibiwi, na siku ile nilifuata mafundisho yako. Jumanne kulipopambazuka nikambeba Ayoo mgongoni nikaenda kazini mapema.

Najua utauliza kwa nini sikwenda hospitali. Gari la barafu lilipita Jumatatu na halikuwa na safari nyingine hadi Jumatano, na boti ya kampuni haibebi abiria. Kutoka huku mwaloni hadi Magu kwa miguu, juani, na mtoto aliyekauka vile, niliogopa nitafika na maiti. Nilichokuwa nacho ni ile simu, betri ya gari inayoiendesha, na jina la mtu mmoja kichwani.

Mtu huyo ni Nesi Wilhelmina. Alifanya kazi miaka kumi na minane kwenye wodi ya watoto mjini, akiwa na watoto wawili wawili kila kitanda, mpaka siku yalipobandikwa majina ya wanaopunguzwa na la kwake likiwemo. Sasa yupo kiwandani kwetu, anakagua kucha na makoo ya wasichana wanaokata minofu. Mwanamke aliyejua kupata mshipa kwenye mkono wa kichanga, ndiyo kazi waliyoona inamfaa. Nilimfahamu siku ya mafunzo, aliponitoa kwenye mstari nikakate kucha.

Zamu yangu ilipofika nikabonyeza kitufe, nikasema: "Kambi ya Saba. Sangara kilo mia nane na ishirini, barafu nusu, mafuta yapo. Nina mtoto mgonjwa, namwomba Sista Wilhelmina. Ova."

Nikasikia sauti ya Chenge: "Kambi ya Saba, hii laini ni ya samaki. Kambi ya Nane, endelea. Ova."

Kambi ya Nane ni Masele, kijana wa Igoma ambaye mpaka leo sijawahi kumwona uso. Nilikuwa nimeshashusha kile kikombe cha kusemea. Masele akasema, taratibu kabisa, "Kambi ya Nane inasubiri. Ova." Chenge akaita Kambi ya Tisa. Nao wakasema wanasubiri. Wakati huo Dorcas, anayepokea simu pale kiwandani, alikuwa ameshaondoka mezani kwenda kumwita nesi.

Hapo, Shangazi, ndipo nilipofanya kosa, na nalikubali. Sista alipouliza kuna nini nilisema mambo yote kwa pupa moja, na katikati nikasema kwamba mama mkwe wangu, Mama Ajwang, amemwita mtu wa kung'oa meno ya plastiki na anakaribia kufika. Nikamtaja jina. Kambi tatu katika zile kumi na moja ziko upande wa Mara, na mojawapo ndipo ndugu zake wanapopimia samaki. Kabla ya saa sita mchana kijiji chake chote kilikuwa kinajua. Ningeweza kusema "wakubwa nyumbani". Sikufikiri.

Sista hakunigombeza. Aliniambia, "Bernadeta, sikiliza. Hayo ni meno yake mwenyewe, bado machanga, yamo ndani ya fizi. Wakiyachokonoa watamwachia kidonda na kuhara kuko pale pale. Mtoto wako anakauka maji. Tuanze na maji. Una mizani hapo?"

Nilicheka huku nalia. Kumuuliza karani wa mizani kama ana mizani. Nikalisugua karai kwa sabuni na maji ya moto, nikatandika kanga, nikamlaza Ayoo ndani, nikaliweka kwenye ile ndoano tunayoning'inizia sangara. Kadi yake ya kliniki ya mwezi Agosti ilisema kilo saba na gramu mia mbili. Ukiondoa karai na kanga, siku ile alikuwa sita na mia sita. Nikayasema hayo na kambi zote zikasikia.

Akanifanya macho yake. Finya ngozi ya tumbo, inarudi haraka au polepole? Gusa utosi, umebonyea kiasi gani? Hesabu pumzi, mimi nitakwambia anza na nitakwambia acha. Anakunywa akipewa? Choo kina damu? Rangi gani? Nilijibu kila kitu. Unaniambia ilikuwa aibu kutaja choo cha mtoto wa watu hewani. Shangazi, dakika ile ningetaja hata cha kwangu.

Akaniamuru nichemshe maji, lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, nisizidishe chumvi hata chembe. Nimpe kijiko kimoja kimoja, akitapika nipumzike kidogo nianze tena, na titi nisimnyime. Akishindwa kunywa, akipata degedege, au nikiona damu, niachane na mizani nimbebe hata kwa mtumbwi hadi Magu. Na gari la Jumatano nipande nalo vyovyote vile, hata akiwa anacheka. Hayo yote yalichukua dakika ishirini.

Nilipoweka simu chini watu walikuwa wameshajaa nje, mzee wa spoku akiwa mbele. Nilifunga mlango wa banda kwa kufuli kutoka ndani, nikautia ufunguo kifuani. Mama Ajwang akaja dirishani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Bernadeta, mtoto akifa, Jairo utamwambia nini?"

Swali lile lilinikata maini. Sitaki ufikiri nilikuwa jasiri. Nusu ya kila kijiko ilimwagika shingoni kwa mtoto. Nilimpa, akatapika. Nikasubiri, nikampa tena. Yule mzee alichoka na jua akaenda zake, akisema kizazi cha kampuni kimekosa wazee. Mama Ajwang alibaki pale pale dirishani mpaka alasiri nilipowafungulia wavuvi mlango, na mimi naye tulimwangalia mtoto mmoja bila kusemeshana.

Saa kumi na moja zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshampima tena. Nikasema sangara kilo mia tatu na kumi, barafu imekwisha, mtoto kilo sita na mia nane, na amekojoa. Ova. Nilisikia mtu wa Kambi ya Nne anasema asante Mungu, na Kambi ya Kumi na Moja kuna mtu alipiga vigelegele ndani ya simu mpaka masikio yakaniuma. Nadhani hakuna mkojo uliowahi kupokelewa kwa heshima hiyo katika ziwa hili.

Jumatano nilipanda gari la barafu hadi Magu kama nilivyoagizwa. Wakamwangalia, wakanipa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, wakasema nimwendeleze hivyo hivyo. Wiki ya pili alirudi kilo saba. Leo anatafuna sabuni, nimeshakwambia.

Mama Ajwang aliondoka ile ile Jumatano bila kuniaga. Hayo ndiyo Ngosha aliyokwambia, na ni kweli. Jairo aliporudi nilimwambia yote mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Alimchukua Ayoo akazitazama fizi zake kwenye mwanga wa mlangoni, akasema, "Kumbe ni meno." Basi, hilo ndilo neno lake lote juu ya jambo hili hadi leo. Mwezi wa kumi na mbili tutakwenda kwao Mara, na nitapiga magoti mbele ya mama yake nimwombe msamaha kwa kumtaja jina hewani. Nitapiga magoti kweli, mbele ya ndugu zake. Kwa kufunga mlango sitamwomba msamaha. Hilo nimeshamwambia Jairo, naye hakunikataza.

Sasa ya Chenge. Barua ya onyo aliyoniandikia inataja makosa yangu matatu. Kwamba nimetumia simu ya kampuni kwa mambo binafsi, kwamba nimepima kwenye mizani ya kampuni kitu kisichokuwa samaki, na kwamba nimechelewesha boti. Ni kweli Ayoo si samaki. Lile karai silirudishi, namwogeshea mtoto, na nimenunua jipya, waongeze na kosa la nne wakipenda. Kuhusu boti, wale sangara walikuwa wameshakufa, na dakika ishirini zisingewaua tena. Mwanangu alikuwa bado.

Jambo ambalo Chenge hakuliandika, na ndilo linalomkera, ni kwamba halikuishia kwa Ayoo. Wiki ile ile mama mmoja alinijia na mtoto anayekohoa, akaniomba nimsemeshe na "yule sista wa hewani". Halafu Masele akaleta mtoto wa dada yake. Kufikia katikati ya Oktoba, jioni kambi zikishamaliza kuripoti, akina mama wanakaa nje ya mabanda kwenye mialo yote wakisubiri zamu. Tunahesabu pumzi, tunapima, tunajibu. Sista anakaa na Dorcas pale kiwandani baada ya saa za kazi na hakuna anayemlipa. Watatu amewaambia waende hospitali siku hiyo hiyo, wakaenda. Walipompa onyo na yeye, alituambia hewani, mbele ya Chenge anayesikiliza: "Kucha nitakagua mpaka saa kumi. Baada ya saa kumi mimi ni nesi wa watoto. Kambi ya Kwanza, endelea. Ova."

Kwa hiyo barua nimeiandika, Shangazi, ila siyo ile unayoitaka wewe. Nimeandika kwamba sisi makarani tunaomba dakika thelathini kila jioni, samaki wakishapimwa na boti ikishaondoka, na kwamba tukikataliwa watafute makarani wengine. Imezunguka na boti kambi hadi kambi. Wametia sahihi saba kati ya kumi na moja. Wanne wameogopa, siwalaumu, wana watu wengi wanaowategemea. Imefika mjini Ijumaa. Jumatano tutajua. Wakinifukuza nitarudi Kisesa kulima pamba, na sitakuwa wa kwanza kulima.

Nisalimie Mwalimu, mwambie kile kitabu chake cha hesabu bado ninacho na sijakichana. Nisalimie Suzana na watoto wake, na umwambie mumewe aache kukopa nauli kwa Ngosha. Baba, Mama na Jairo wanakusalimu. Ayoo angekusalimu, lakini neno analojua ni moja tu, na halielekei kuwa shikamoo.

Nilitaka kufunga barua hapa. Nimekaa na kalamu mkononi muda mrefu, maji ya ziwa yamepanda mpaka karibu na mguu wa banda, na naona nikifunga hapa nitakuwa nimekudanganya kwa kunyamaza.

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Mama akanileta kwako ulipokuwa bado Kisesa nikusaidie kumlea mwanao Shimba. Alipougua uliwauliza wote waliokuwepo. Siku ile alipokuja yule mtu na spoku yake, walinipa miguu niishike. Alikuwa na nguvu, Shangazi. Wewe hukuona jinsi alivyokuwa na nguvu kwa sababu ulikuwa umegeuzia uso ukutani. Mimi niliziona, zilikuwa mikononi mwangu, na nilizibana kwa sababu wakubwa walisema nibane. Siku ya nne tukamzika. Tangu hapo hakuna aliyelitaja jina lake mbele yako, nami nalitaja leo kwa sababu nakupenda na nimechoka kulibeba peke yangu.

Sikulaumu hata kidogo. Uliuliza kila mtu uliyekuwa naye, na wote walikujibu jambo moja. Mimi nilikuwa na mtu mmoja zaidi wa kumuuliza, basi. Sasa wananitaka niweke sahihi kwamba nilikosea kumuuliza. Nikifanya hivyo, Shangazi, nitakuwa nimeishika miguu mara ya pili.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, na alitulize hilo goti.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda bila kupungua,

Bernadeta